Tanga la Mwezi wa Saba: Kutoka Tukuyu hadi Ikombe

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: je, nikikosea mpango, nitawazamisha marafiki zangu? Neema na Joel, niliosoma nao chuo, walikuwa wameniachia kupanga safari yetu ya kiangazi: siku saba kwa mtumbwi wa tanga, kufuata mwambao wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, kule ambako milima inashuka moja kwa moja majini na vijiji havina barabara. Waliniamini kwa sababu babu yangu alitoka pwani. Hawakujua kwamba babu alikuja Tukuyu kushona kanzu, na tangu hapo ukoo mzima haujaogelea. Nilikuwa nimeahirisha safari hiyo mara mbili. Neema, ambaye alikuwa anahamia Kigoma kikazi, alinipa mpaka Jumatatu nimpe jibu. Baada ya hapo wangeenda kwingine bila mimi.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka nyumbani, kata ya Bagamoyo hapa Tukuyu mjini, nikaomba nafasi mbele ya gari la kaka Lusajo, jirani yetu anayepeleka ndizi za Kyimo sokoni Matema.

"Dada Zuhura, unahama?" aliuliza akiliangalia begi langu.

"Naenda kuangalia tu."

"Kuangalia kwa makoti mawili na mwavuli."

Tulishuka kwenye ukungu, migomba ikatuachia mikakao, mikakao ikatuachia mpunga. Kila kona nilivua kitu. Tulipofika chini nilikuwa nimebaki na fulana, na Lusajo alikuwa anacheka na usukani.

Saa tatu tulikuwa Lyulilo, pembeni mwa Matema, kwenye soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vikiwa vimepangwa juu ya majani makavu. Mmoja wao, Mama Tumaini, ndiye niliyemfuata, kwani mumewe ana mtumbwi wa tanga niliotaka kuukodi. Nilimwamkia, nikafungua daftari langu lenye jedwali la saa kwa saa.

"Mnataka kusafiri lini?" aliuliza.

"Mwezi wa saba, mama. Hakuna mvua kabisa."

Akamgeukia mwenzake. "Njoo umsikie mtu wa Tukuyu. Anakimbia mvua."

Wakacheka mpaka chungu kimoja kikayumba. Sisi wa Tukuyu tunaanika nguo huku tukitazama mawingu, hata harusi tunaipanga kwa kukwepa mvua. Haikunipitia akilini kwamba kuna watu wenye adui mwingine.

"Mvua inanilowesha tu, mwanangu," alisema Mama Tumaini. "Mwera, upepo wa kusini, ndio unanivunjia vyungu. Na mwezi wa saba ndio mwezi wake."

Nilitoa simu kumwandikia Neema kwamba safari imekufa. Mama akanitazama.

"Unamwambia nani nini?"

"Kwamba haiwezekani."

"Nimesema haiwezekani? Mwezi wa saba hatuli? Twende Ikombe kesho uone."

Jumapili, mwanga ulipoanza, nilivaa jaketi la kuokolea maisha nililoazima nyumba ya wageni nilikolala, nikakaa katikati ya ndizi za Lusajo ambazo mama alizichukua kwa kubadilishana na vyungu. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Wapiga makasia wawili waliambaa na mwamba, karibu kiasi cha kuona kaa. Nilishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

"Hautakimbia," alisema mama. "Uachie."

Kabla ya saa tatu tulikuwa mchangani Ikombe. Nusu saa baadaye upepo ukaja kutoka kusini, na njia tuliyopita ikawa nyeupe kwa povu. Mumewe alikuwa barazani anashona tanga. Alichukua daftari langu, akafuta kila kitu kilichoandikwa baada ya saa nne.

"Kwenda, makasia alfajiri," alisema. "Kurudi, tanga, mwera ukiwa bado mchanga. Vituo vinne, si saba. Na uongeze siku mbili, uziache tupu."

"Tupu za nini?"

"Za kukaa."

Nilikuwa nimepanga kurudi jioni ile. Ziwa halikutaka, nikakaa, nikafundishwa kufinyanga kitu ambacho wote walikataa kukiita chungu. Jedwali langu zima halikuwa na nafasi hata moja ya kusubiri. Lao limejengwa juu ya kusubiri.

Jumatatu alfajiri walinirudisha Matema. Kabla ya kupanda gari nilimpigia Neema.

"Unaahirisha," alisema kabla ya salamu.

"Hapana. Mwezi wa saba, siku tisa. Kata tiketi ya basi, yako na ya Joel."

"Ngoja nitafute muda baadaye."

"Kata sasa hivi, nakusikiliza."

Nilisimama pale ufukweni, simu sikioni, mpaka aliponisomea namba za viti.