Kiganja cha Mwalimu wa Jirani

Mwalimu wa darasa la tatu, ambaye darasa lake limepakana ukuta na langu, hamuulizi mtoto umri, humtazama magoti. Kila muhula unapoanza huwapanga upya: madawati mafupi mbele, marefu nyuma, nyayo zote sakafuni. Halafu hupita nyuma yao na viatu vyake vya mpira visivyosikika, na kila mgongo uliopinda huuwekea kiganja. Mtoto hunyooka mwenyewe, kama aliyekumbuka jambo. Mabegi nayo huyanyanyua kwa kidole kimoja; begi likimshinda, hulifungua. “Haya mawe ni ya somo gani, baba?”

Muhula huu msichana mmoja alirudi kutoka likizo amerefuka ghafla, lakini aling'ang'ania dawati la mbele, magoti yakisugua mbao. Siku ya kupangwa nilikuwa mlangoni, nimefuata chaki. Kiganja kikapita, mgongo ukanyooka. Kilipoondoka, ukajikunja tena. Nikasema moyoni, leo patachimbika. Mwalimu akachuchumaa kando yake.

“Mama, nani anakutisha huko nyuma?”

“Hakuna, mwalimu. Ila huku yupo yeye,” akajibu, akimshika mkono rafiki yake, ambaye bado ni mfupi.

Mwalimu akanipita mlangoni, akaingia darasani kwangu, akarudi na kreti tupu la soda ninalopandia kuandika ubaoni. Akawahamisha wote wawili kwenye dawati refu la nyuma, kreti akaliweka chini ya miguu ya yule mfupi. Migongo miwili ikakaa wima.

Siku hizi naandika nusu ya chini ya ubao tu, na kreti sijalidai.