Siku Hiyo Alivaa Nini

Televisheni wakati huo hatukuwa tumeisikia hata kwa jina. Tulikuwa na redio, na mchezo wa redio uliotutia wazimu mwaka ule ulihusu fundi cherehani aliyetoweka katika mji mdogo. Sisi watu wa Ruiru tulibishana sana ni mji gani. Katika mchezo kulikuwa na mto, maporomoko, na hoteli ya Wazungu kando yake. Mume wangu, aliyekuwa akienda Thika kila siku kwa baiskeli kufanya kazi katika kiwanda cha mananasi, alisema ni Thika na hakuna cha kujadili. Jirani yetu, mama mmoja aliyependa kubishana hata na kuku wake, akasema haiwezekani, Thika haina watu waongo kiasi kile. Mimi sikujali mji. Nilitaka kujua fundi yuko wapi, na nilitaka kujua kabla ya jirani.

Mchezo ulikuja Jumamosi alasiri. Mama yangu aliishi Murera, na kila Jumamosi alitembea mpaka kwetu, akisema amekuja kumwona mjukuu wake. Mjukuu alimwona mara moja tu, akiingia. Baada ya hapo masikio yake yote yalikuwa kwenye redio.

Shida ni kwamba kwetu Wakikuyu, hasa siku zile, mama na mume wa binti yake hawakutazamana usoni wala kula pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, tena heshima ya kumchosha yule aliye katikati, na aliye katikati nilikuwa mimi. Kwa hiyo mume wangu alikaa sebuleni na redio yake, na mama akakaa jikoni, kibanda cha nyuma ya nyumba, akitega sikio.

Jumamosi ya kwanza alisikia nusu nusu, akanisumbua na maswali mpaka nikaunguza maziwa. Jumamosi iliyofuata nilikuta redio imetolewa mezani, imewekwa dirishani, imeelekezwa jikoni. Mume wangu alijifanya anasafisha mnyororo wa baiskeli.

"Muulize mama kama sauti inatosha," akaniambia.

"Mwambie inatosha," mama akajibu kutoka jikoni, nami bado sijafungua mdomo.

Katika mchezo huo mama alimpenda askari kanzu aliyekuja kumtafuta fundi. Alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kwenda kwake. Kila aliyemhoji, awe mke wa fundi, mpishi wa hoteli, mlevi wa stesheni, alianza na swali lile lile: "Siku hiyo alivaa nini?" Jirani aliliona swali la kipuuzi. Mama aliinama akachochea moto, akasema, "Huyo ni mtu anayetafuta kweli."

Nilijua kwa nini anasema hivyo, na hapa lazima nimtaje baba. Miaka michache kabla, hali ya hatari ya serikali ya mkoloni ikiwa imepamba moto, baba aliondoka Murera asubuhi kwenda Thika kununua jembe, na hakurudi. Siku hizo watu walichukuliwa njiani na askari, na kumuulizia mtu aliyechukuliwa kulikuwa kujitafutia makubwa. Mama alikwenda kuuliza mara moja, akaambiwa arudi nyumbani kabla hajawekwa ndani yeye mwenyewe. Majirani wa Murera wakafunga midomo. Hata sisi tuliacha kumtaja. Niliolewa baba akiwa hayupo, mjomba ndiye aliyepokea wageni, na mume wangu hakuwahi kuniuliza hata neno moja kumhusu. Nilidhani ni adabu.

Jumamosi moja, mchezo ukiwa umebakiza sehemu moja tu uishe, mama alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Bila kuinua kichwa akasema, "Ni yule mshirika wake wa dukani."

"Maitu! Mama, yule ndiye anayelia kuliko wote."

"Analia, ĩĩ. Lakini mke wa fundi anauliza kama amepatikana. Mpishi ameuliza. Hata yule mlevi ameuliza. Huyu analia tu, hajauliza hata siku moja. Haulizi kwa sababu anajua."

Nilitaka kukimbia kumweleza jirani. Lakini mama alikuwa ameacha kusugua. Alikuwa akiangalia nyumba kubwa, mahali ambapo mume wangu alikuwa akipiga mluzi.

"Na bwana yako," akasema polepole. "Amewahi kukuuliza kuhusu baba yako?"

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia kwamba mume wangu hata hakutujua wakati ule, alikuwa ametoka kwao ng'ambo ya mto akaja kutafuta kazi Thika.

"Kumbe alikuwa Thika," mama akasema. "Basi. Nimeuliza tu."

Neno lile halikuniondoka. Mimi niliyetaka kujua kila kitu cha kila mtu, nikawa namwangalia mume wangu akila, akicheka, akimrusha mtoto juu, na kujiuliza kwa nini hajauliza. Thika alikuwepo. Watu wengi walikuwa wameona mambo Thika, na wengine walikuwa wamefanya mambo. Mdomo wangu, usiojua kunyamaza, safari hii ulinyamaza. Niliogopa. Kama mama angeendelea kumshuku, ningebaki na mama au ningebaki na mume, nisingebaki na wote wawili. Na kama mama alikuwa na haki ya kumshuku, sikutaka kuwa mtu wa kuligundua.

Jumamosi ya mwisho, betri ilikuwa imechoka. Mume wangu aliianika juani tangu asubuhi, kama tulivyofanya wote, maana jua huipa betri uhai kidogo. Mchezo ukaanza vizuri. Jirani alikuwa amekaa, miguu ameiweka juu ya kigoda changu. Askari kanzu akawakusanya watu wote dukani kwa fundi, na hapo ndipo sauti ikaanza kufifia.

Nilimwona mama akitoka jikoni, akasimama uani. Sauti ikapungua, akasogea mpaka dirishani. Sauti ikapungua tena, na sisi watatu tukainamia redio. Sijui aliingia saa ngapi. Nilishtukia leso yake imenigusa shavu. Alikuwa ameinama katikati yetu, bega lake limegusana na la mume wangu, na hakuna kati yao aliyejua. Mshirika akaanza kukiri.

"Nilisema!" mama akapiga meza. "Nilisema ni yeye! Hakuuliza!"

Akainua macho kwa furaha, akakutana na macho ya mume wangu.

Ngai wangu! Jirani akakumbuka ana kitu motoni, akatoka mbio. Mama akajifunika uso kwa leso. Mume wangu aliruka, akageukia ukuta. Kwa kawaida alipaswa kutoka nje bila neno, kisha mbuzi wa kufuta aibu afuate. Mbuzi alikuja kutolewa baadaye. Lakini hakutoka. Alibaki pale, kiganja kwenye ukuta, na akasema bila kupitia kwangu:

"Mama. Siku hiyo, baba alivaa nini?"

Nilisikia pumzi ya mama ndani ya leso.

"Kiwandani kuna watu wanaorudi kutoka kambi za kizuizini," mume wangu akauambia ukuta. "Kila anayerudi namuuliza. Nao wananiuliza, mtu mwenyewe anafananaje? Na mimi sikuwahi kumwona. Huyu binti yako naogopa kumliza. Na wewe ningekuulizaje, mama, mtu nisiyeruhusiwa hata kumtazama?"

Nilikaa chini. Nililia kwa aibu ya niliyoyafikiria, na kwa raha pia.

Mama akaketi kwenye benchi, akampa mgongo. Wakakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, na akaanza kusema.

"Koti la kijivu. Kifungo cha juu nilikishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, mweusi ulikuwa umeisha. Suruali ya kaki. Miguuni viatu vya akala, vya mpira wa gari, cha kushoto kamba yake mpya."

"Endelea, mama."

Betri ilikuwa imekufa. Hatukupata kujua kwa nini mshirika alimuua fundi, na hakuna aliyejali.

"Kofia aliisahau. Nilimkimbilia nayo mpaka kwenye daraja, nikaita, hakunisikia." Akajifuta uso kwa leso. "Ninayo. Nitakuletea, uende nayo uwaonyeshe."