Kuku Wangu wa Chuma na Mzee Kutoka Mpui

Mzee yule hakubisha hodi.

Nilipogeuka alikuwa tayari amesimama mlangoni, amevaa mabuti ya mpira. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, leo hicho chuma kimeshakuuma?"

Kilikuwa kimeniuma mara tatu wiki ile, na sikuwa nimemwambia mtu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Maulida. Nilisoma elektroniki chuoni Mbeya, nikarudi nyumbani Sumbawanga na ndoto moja: kutengeneza vipimo vya unyevu wa mahindi ambavyo mkulima wa huku anaweza kuvinunua, asihifadhi mahindi mabichi yakaoza ghalani.

Ndani ya kipimo kuna bodi ya elektroniki, na bodi inapangwa vipande vidogo kama punje za ulezi. Kwa kibano, bodi moja ya majaribio ilinilia siku nzima. Ukigundua mchoro una kosa, unaanza upya.

Nikaamua kuunda mashine ya kunipangia.

Reli na mota nilitoa kwenye printa mbovu. Jicho lake ni kamera ya simu iliyopasuka. Mdomo ni sindano niliyoikata ncha, na kompresa ya friji niliigeuza ivute hewa. Sindano inanyonya kipande, mkono unakipeleka kwenye bodi, unakiachia.

Tak. Tak. Tak.

Binamu yangu Sadick, anayeuza dukani kwa baba yake, akaiita Kuku kwa sababu ya kudonoa.

Baba yake ni baba mdogo Mahmud. Ndiye aliyenipa chumba cha nyuma ya duka. Kilikuwa kimefungwa miaka minane. Kila nikiuliza kwa nini, mtu alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana kazi.

Kuku alifanya vizuri wiki mbili. Kisha mawingu ya Novemba yakaanza kutanda.

Mvua ikinyesha tu, mkono unatetemeka. Unaiacha bodi, unakwenda kona ileile, unadonoa pasipo kitu. Nikishika fremu, vidole vinachonyota.

"Dada, Kuku anaumwa mdondo," Sadick alicheka.

Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu alizungumza nami akiwa nje ya mlango.

Nikajiambia ni kosa la programu. Ijumaa walikuwa wanakuja wageni wa mradi fulani wa vijana kumwona Kuku akifanya kazi. Wakiridhika, napata karakana na vifaa vya mwaka mzima. Sikuwa na nafasi ya kuogopa.

Mzee alikuja Jumatano.

"Naitwa Oswaldi, natoka Mpui. Nilisikia sokoni kwamba chumba hiki kimefunguliwa. Walikuambia kwamba Vitus mchomeleaji alifia humu?"

"Hapana."

"Siku ya mvua. Watu wakasema ametupiwa radi. Kulikuwa na mama akipika pombe ya ulezi hapo uani, Kalista. Siku chache kabla alimwambia Vitus, mvua ikianza iache hiyo mashine, itakuua. Basi wakasema ni yeye. Walibomoa nyumba yake, akakimbilia Muze."

"Yeye alijuaje?"

"Sufuria lake lilikuwa linamuuma likigusa mabati ya ukuta. Alimwambia fundi aliyefunga umeme. Fundi akamjibu ni mawazo yake."

Nikayatazama yale mabuti.

"Fundi ni wewe."

Aliitikia kwa kichwa.

"Inatakiwa izikwe nondo ya shaba, umeme ukitoroka ukimbilie ardhini badala ya kwa mtu. Niliiuza. Nikazika kipande cha nondo ya kujengea, nimekipaka rangi ya shaba."

Nilichukua kipimo changu cha umeme, nikapima fremu na waya wa ardhini. Alisema kweli. Kompresa ilikuwa inavujisha umeme kwenye fremu, mvua ikileta unyevu unazidi, na umeme ule haukuwa na pa kwenda. Ulikuwa bado unatafuta mtu.

"Nataka nichimbe mwenyewe, mbele ya watu wa hapa," alisema. "Lakini kuna mtu lazima nimfuate kwanza. Nipe mpaka Jumamosi. Usiwashe. Na usiseme wewe. Ukisema wewe, mimi sitarudi. Najijua."

Niliifikiria Ijumaa. Kisha nikamfikiria Kalista.

"Nimekuahidi," nikasema.

Ijumaa saa nne wageni wakafika. Wingu jeusi lilikuwa limeukalia mji. Kiongozi wao, mama mmoja mpole, aliegemeza mkono kwenye fremu ya Kuku.

"Haya, washa tuone."

"Siwezi leo. Naomba mpaka Jumatatu."

"Ina tatizo gani?"

Ningetaja nyaya, baba mdogo angeita fundi palepale na kuchimba.

"Siwezi kusema."

Alinionea huruma, na hilo liliniuma zaidi. "Mwanangu, orodha yetu inafungwa leo."

Baba mdogo alinivuta kando. "Unanitia aibu. Hamishia dukani, basi."

Duka nalo lilitegemea nondo ileile. Nikatikisa kichwa.

"Unaogopa chumba, eh? Hata wewe msomi?"

Wageni wakaondoka. Nililia nikiwa nimekaa mbali na Kuku.

Jumamosi mpaka saa nane hakuna mtu. Kisha zikaja bodaboda mbili. Ya kwanza ilimbeba Oswaldi, na nondo mpya ya shaba ndani ya gunia. Ya pili ilimbeba mama aliyejifunika kitenge mpaka usoni.

Majirani wakajaa. Oswaldi alichimba nje ya ukuta, mkabala na kona aliyokuwa akidonoa Kuku. Mkono ukipoteza mahesabu hurudi pale ulipoanzia, hilo nalijua. Kwa nini kona ile, sijui.

Alichomoa chuma kifupi kama mkono wa mtoto, rangi inabanduka.

"Hii ndiyo radi iliyomuua Vitus. Niliiweka mimi."

Mama akafunua kitenge usoni. Sadick akanong'ona, "Mama Kalista."

"Na huyu ni dada yangu," Oswaldi alisema. "Tumbo moja. Mliponiuliza siku ile kama ni mchawi, nilinyamaza."

Kalista hakumtazama kaka yake. Alimtazama baba mdogo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwenye barua ya majirani ya kumfukuza Kalista, jina la kwanza lilikuwa la baba mdogo.

"Mahmud, zamani ulikuwa unaniamkia."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Kalista alikusanya kwanza kitenge chake mabegani.

"Marahaba."

Tuliizika nondo mpya kabla mvua haijaanza. Nafasi ya mradi walipewa wengine. Kuku yuko chumba kilekile, anapanga bodi hata mvua ikinyesha.

Ninachowaachia ni hiki: mtu akikwambia kuna kitu kinamuuma, usimjibu ni mawazo yake. Chimba.

Jioni ya Jumamosi ile baba mdogo alikuja mlangoni, akasimama pale aliposimama mzee.

"Ulijua tangu Jumatano?"

"Nilijua."

"Na wageni wakaondoka umenyamaza?"

"Nilikuwa nimemwahidi, baba mdogo."