Miche Iliyopinda

Kituoni, mahali pa kupima mbegu kabla wakulima hawajapewa, walimwita Bi Hakika. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa moja tu: kuhesabu miche iliyoota kwenye trei, mbegu mpya huku, ya zamani kule. Akisema themanini, ni themanini. Hata mtafiti mkuu, mtu asiyeiamini saa ya ukutani, alisaini bila kutazama.

Siku moja bomba likapasuka, maji yakazoa lebo zote. Akahesabu hivyo hivyo. Baadaye akalinganisha na namba za mbegu zilizochorwa chini ya trei. Mbegu ya zamani themanini na moja, mpya sitini. Juma lililopita mpya ilikuwa imeongoza.

Alijua pa kutazama. Ni ile miche iliyopinda, si hai si mfu. Ikiwa ya mbegu mpya, alijiambia, "Huu utainuka kesho," akauhesabu. Ya zamani? "Huu ndiyo basi tena." Hakukusudia kudanganya hata siku moja, na hilo lilimuuma kuliko uongo.

Mtafiti mkuu alimsikiliza huku akifunga mkoba. Mbegu mpya ilikwisha kugawiwa. "Umechoka, mama. Bandika lebo, uhesabu upya."

Akabandika. Akahesabu polepole, akijichunga. Mpya ikaongoza kwa kumi na tano. Akarudia: kumi na nne. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema ukivue vipi kikiwa jichoni. Aliogopa kweli.

Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, aliyelima shamba zima kwa ajili ya mbegu hiyo na kuwamwagia kuku ile ya zamani.

"Usipande," alimwambia. "Nilihesabu vibaya."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Mdogo wake akacheka kidogo, kwa upole. "Dada, tumekula kwa hesabu zako mpaka leo. Sasa nani kakwambia kwamba umekosea?"

"Nimeona mwenyewe."

"Kwa macho gani?"

Mdogo wake alisubiri kwa heshima, kama anavyosubiriwa mkubwa. Kisha akachana gunia na kuanza kupanda.