Daktari Chesang na Ng'ombe wa Sirisia

Ng'ombe wa Sirisia walianza kutokwa na udenda wiki moja baada ya ziara ya Daktari Chesang, na hilo likatosha watu kumlaumu. Mwanamke kutoka Kitale, walisema, amekuja na boksi la barafu, amewatoa ng'ombe damu, akaenda zake. Sasa wanachechemea na ndimi zao zimejaa malengelenge.

Chesang alikuwa mhadhiri wa udaktari wa mifugo Nairobi. Alifundisha somo la virusi vya wanyama, na kila likizo alikwenda kwa mama yake Kitale, kisha akazunguka huko magharibi mwa Kenya akichunguza ugonjwa wa miguu na midomo. Ilikuwa 1993. Mapigano ya kikabila ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamewafanya majirani waogopane, naye alikuwa Msabaoti akiingia katika maboma ya Wabukusu.

Aliporudi kuwaona ng'ombe wagonjwa, alikuta malango yamefungwa kwa minyororo. Mukhisa, mfanyabiashara wa ng'ombe, alimzuia barabarani.

"Daktari, wewe ndio ulituletea hii kitu na hiyo boksi yako. Si useme tu?"

"Boksi lilikuja tupu, Mzee."

"Ati tupu! Nani aliona?"

Kabla ya ziara ile Chesang alikuwa amepitia shamba moja la Kitale lenye ng'ombe wagonjwa. Gambuti aliziosha kwa maji ya magadi ya kuua virusi, hilo alilikumbuka vizuri. Lakini magurudumu ya gari je? Virusi vile husafiri hata kwenye tope. Alimshuku Mukhisa pia, ambaye alinunua ng'ombe Lwakhakha, mpakani na Uganda, na kuwauza bila kuwatenga kwanza. Mbona alikuwa na haraka hivyo ya kumnyooshea mwingine kidole?

Aliyemfungulia lango alikuwa Wilkista, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Alisimama akimtazama Chesang akikata utando wa lengelenge na kuutia kwenye chupa.

"Hiyo itapimwa na nani?"

"Na mimi, na wenzangu wa maabara."

"Kwa hivyo mshitakiwa ni wewe, na hakimu ni wewe."

Chesang alifunga chupa. "Basi twende wote, Mama."

Wilkista alikwenda kweli. Kabla hawajaondoka alichomoa uzi mwekundu kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaufunga kwenye ile chupa isije ikabadilishwa. Boksi alilipakata mwenyewe kutoka Bungoma hadi Nairobi, na waliposhuka kunywa chai alishuka nalo.

Maabarani alivalishwa koti jeupe akapewa kiti. Aliuliza habari za kila kitu kilichoguswa. Matone ya chupa yake yaliwekwa kando ya matone ya sampuli aliyoichukua Chesang katika lile shamba la Kitale, kila moja katika visima vidogo vya plastiki, kila safu kwa aina yake ya virusi, wakasubiri rangi itokee. Rangi ya Kitale ilitokea safu moja, ya Sirisia ikatokea safu nyingine.

"Hazifanani," Wilkista akasema.

"Hazifanani. Ni virusi vya aina mbili tofauti."

"Kwa hivyo yangu haikutoka huko kwenu."

"Haikutoka," Chesang akasema, akaketi.

Jumapili, baada ya ibada, Wilkista aliwasimulia watu wote aliyoyaona.

"Amekununua huyo," Mukhisa akasema.

"Na wewe, bana, ng'ombe zako za Lwakhakha ulizitenga wapi?" Wilkista akamuuliza.

Mukhisa alivaa kofia akaondoka. Haikuthibitishwa kamwe kwamba ni yeye aliyeuleta ugonjwa. Chanjo ya aina iliyofaa ililetwa baadaye. Baadhi ya watu walimfungulia Chesang malango, wengine waliendelea kuyafunga kwa miaka.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, Mukhisa alifika Kitale, kwa mama yake Chesang, akimvuta ndama mgonjwa kwa kamba.

"Usiambie watu nimekuja," akasema.

"Ametoka wapi huyu?"

"Kwa shemeji yangu."

Chesang hakumwamini. Alikwenda kuchukua sindano, akamtibu ndama.