Kiini Kipya cha Seva ya Tororo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya shirika dogo la afya mjini Tororo, nilifika na shahada ya chuo kikuu, tai iliyonikaba, na flashi yenye mfumo endeshi nilioupenda. Nilidhani kuweka mfumo kwenye kompyuta ni kubonyeza "endelea" mpaka uchoke. Mkuu wa Mitambo aliitazama ile flashi kama mtu aliyeletewa chai baridi.

"Hiyo imepikwa na nani?"

Sikujua. Akacheka. "Nyinyi watu ya Busia, kila kitu mnanunua tayari ng'ambo. Hapa tunapika sisi wenyewe."

Alikuwa mtu wa kutoka Kisoko, mpole, shati limechomekwa hata Jumamosi. Seva yetu, yaani kompyuta inayohudumia nyingine zote, aliijenga kwa mfumo wa msimbo chanzo. Vijana, huenda hamjauona: programu haiji ikiwa tayari. Inakuja kama maandishi ya watungaji wake, na mashine yako ndiyo inayoyageuza kuwa programu. Huko ndiko kukompaili. Unachagua unachotaka, unaacha usichotaka, kisha unangoja. Ungeweza kwenda sokoni kununua samaki, urudi, ukute bado inaendelea. Umeme ukikatika, unaanza upya. Nililalamika mwaka mzima, kisha nikagundua kwamba naipenda.

Baadaye nilipelekwa tawi la Busia, ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kufukuza vumbi kwenye printa. Nilirudishwa Tororo Mkuu alipokaribia kustaafu. Programu ya kuwakumbusha akina mama siku za chanjo ilikuwa imeandikwa upya, na sasa ingekuja ndani ya kontena. Kwetu mpakani ukisema kontena watu hugeuka kutazama barabara. Hili ni boksi la programu, lenye kila inachohitaji ndani yake, linaloendeshwa bila kuingiliana na mengine.

Meneja, mama mwenye haraka asiye na ubaya, alituita wote wawili.

"Mzee, hii mashine yako ikiendesha kontena kabla hujastaafu, inabaki. Isipoweza, tunaifuta, tunaweka mfumo wa kawaida. Usinikasirikie."

"Sina hasira, mama. Itaweza."

Kuisakinisha programu ya makontena kulihitaji amri moja na asubuhi nzima ya kukompaili. Mwishoni likatokea onyo: kiini, ile sehemu ya mfumo inayozungumza na vyuma vyenyewe, kilikosa baadhi ya uwezo, kama vile daraja la mtandao linalounganisha makontena. Mkuu akafungua chaguo za kiini, akaweka alama moja moja huku akinong'ona, akakompaili kiini kipya, akakinakili, akawasha mashine upya. Akaanzisha huduma ya makontena. Ikakataa.

Akarudia yote. Ikakataa tena. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Wandera, nimezeeka. Mwambie Meneja alete huo mfumo wake wa kawaida."

Mimi nilikuwa nimeshaona. Nilikuwa nimeiuliza mashine kiini inachotumia kilijengwa lini, ikanijibu tarehe ya mwaka uliopita. Ni kosa linalowapata sana wapishi wa mfumo huu: viini hukaa kwenye kipande kidogo cha diski kiitwacho sehemu ya kuwashia, ambacho lazima ukipachike, yaani ukiunganishe na mfumo, kabla ya kunakili. Usipokipachika, kiini kipya huingia kwenye folda tupu yenye jina lilelile, na mashine ikiwaka inachukua cha zamani. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo.

Nilikuwa na sentensi ya kumwambia, fupi na sahihi, na ingemmaliza. Chuo kikuu kilinifundisha kuwa sahihi. Somo la kunyamaza halikuwamo kwenye ratiba. Nikavuta kiti.

"Kabla sijaenda kwa Meneja, mzee, nielekeze hatua zote nifanye mimi. Ukiondoka nitamuuliza nani?"

"Si una digrii?"

"Ndiyo maana nauliza."

Akatabasamu kidogo. "Ingia kwenye folda ya msimbo. Kompaili. Sawa. Sasa, kabla ya kunakili, unapachika ile..."

Akanitazama, nami nikaikazia macho kibodi kama mtu aliyepoteza herufi.

"Unapachika ile sehemu ya kuwashia," akamalizia polepole. "Usisahau, mwanangu. Watu husahau."

"Nitakumbuka, mzee."

Nikapachika, nikanakili, nikawasha upya. Huduma ikaanza. Kontena la chanjo likaanza kufanya kazi. Ilibaki kuiweka huduma miongoni mwa zile zinazoanza zenyewe mashine inapowaka, na amri hiyo alitaka kuiandika mwenyewe. Alipomaliza akainama, akachomoa waya wa umeme ukutani. Meneja, aliyekuwa mlangoni, akashika kichwa.

Mkuu akachomeka tena. Maandishi yakapanda kwenye skrini, huduma moja baada ya nyingine, mpaka ile ya makontena, kisha kontena lenyewe. Hakuna aliyegusa kitu.

"Imeamka peke yake," akasema. "Basi mimi nakwenda nyumbani."

Mimi pia nimeacha kazi, nikiwa na umri mdogo kuliko aliostaafu nao yeye. Sababu rasmi ni mgongo, ile nyingine ni uvivu. Nafuga kuku kijijini Masinya. Vijana hunipigia simu kuuliza amri, nami huwapa, ingawa zinapatikana kila mahali. Mkuu naye hupiga, huuliza habari za mke wangu na za kuku. Hajawahi kuniuliza kama siku ile nilihitaji kweli kuelekezwa. Ila kila msimu wa karanga hunitumia gunia kutoka Kisoko, na nikimshukuru hujifanya hajui ninachozungumzia.