Jiko Kwenye Chumba cha Mzazi

Wanawake wote niliowakanda kwa maji ya moto baada ya kujifungua nawakumbuka kwa majina, na watoto wao pia. Hapa siyaandiki, si vizuri. Ila wote walikaa chumba chenye joto, jiko la mkaa kando ya kitanda. Ndivyo nilivyokandwa mimi, na ndivyo nilivyomfanyia mkwe wangu mwezi wa saba huu alipotoka hospitali na mtoto. Hapa kwetu Bagara baridi ilikuwa kali, upepo unashuka mlimani unapita hata chini ya bati. Dirisha nikaliziba kwa blanketi, chini ya mlango nikasokomeza gunia.

Mchana mkwe wangu akasema, "Mama, kichwa kinanigonga. Nasikia kutapika."

"Uchovu wa uzazi huo," nikamjibu, nikaongeza mkaa.

Mjukuu wangu wa kidato cha tatu akarudi kutoka shule, akafungua mlango kumsalimia mama yake mdogo. Hakusalimia. "Bibi, watoe nje! Sasa hivi!"

"Unataka mtoto apate nimonia?"

Alishamshika mama yake mdogo mkono. Nikambeba mtoto mpaka ukumbini, na hapo ndipo nilipoona kwamba amelegea. Nikamfinya unyayo. Hakulia. Alipumua tu, kidogo kidogo. Mjukuu akapiga simu kuita bajaji.

"Lakini sote tulilelewa hivi," nikasema. Nilikuwa nasema na nafsi yangu. "Mbona hatukufa?"

Mjukuu akachuchumaa, akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuandika sakafuni kama mtu asiyejua mikono aiweke wapi.

"Umetia mkaa kiasi gani, bibi?"

"Makopo mawili. Labda kilo mbili."

"Tuseme wote ni kaboni. Gramu kumi na mbili za kaboni zinataka gramu thelathini na mbili za oksijeni. Basi kilo mbili zinataka zaidi ya kilo tano." Akatazama chumba, akapima kwa macho. "Kile chumba chote, oksijeni yake haizidi kilo tano. Na wao wawili wanavuta hiyo hiyo."

"Ikipungua jiko si litazimika?"

"Halizimiki mapema, bibi. Zile gramu kumi na mbili zinachukua kumi na sita badala ya thelathini na mbili. Inatoka hewa nyingine, yenye sumu. Haina moshi wala harufu. Inamlaza mtu, haamki."

Nikakumbuka jina moja. Binti wa jirani, uzazi wake wa kwanza, tulimkuta amelala na mwanawe kifuani, wote wawili wamepoa, na jivu la jiko kando yao bado lina moto. Tulisema ni upepo mbaya. Siku ile ya maziko kila mtu alirudi nyumbani akaziba dirisha lake vizuri zaidi.

Bajaji ikapiga honi. Nikapanda na mtoto kifuani, mkwe wangu ubavuni akiniegemea. Turubai la pembeni lilikuwa limechanika, na tulipoingia barabara kuu upepo ule niliouziba tangu asubuhi ukaingia wote, ukampiga mtoto usoni. Akakunja uso. Akafungua mdomo, akalia, kwa sauti kubwa, ya hasira.

Mkwe wangu akavuta kanga amfunike uso.

Nikamshika mkono. "Mwache kwanza," nikamwambia. "Mwache avute."